Kuosha gari Mbeya: mashine, mikono, na tambara la tisheti ya kampeni

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasiopenda maelezo marefu. Kama uko Mbeya na gari yako unaipenda rangi yake, ioshwe kwa mkono ila sio kwa mkono wa yeyote tu, na kitambaa na shampuu uende navyo mwenyewe. Mashine ile ya brashi zinazozunguka zenyewe naiweka namba mbili. Namba tatu, tena mbali huko, ndo hii huduma tuliyoizoea ya ndoo moja, sabuni ya unga na tambara ambalo zamani lilikuwa tisheti ya kampeni. Najua watu watabisha, maana kila kijiwe utasikia "mashine inaharibu rangi, mkono ndo mpango mzima", sawa, lakini mkono gani? Hapo ndo nataka tuongee.

Gari yenyewe ni Harrier nyeusi. Wenye nyeusi za Toyota hebu angalieni kile kibati cha maelezo ya gari, kipo kwenye nguzo ya mlango au ndani kwenye injini, ukikuta sehemu ya rangi pameandikwa 202 basi pole sana. Ni nyeusi tamu ikiwa safi, hakuna nyeusi inayoishinda, ila ni laini mno, hata kuifuta vumbi kwa kitambaa kikavu tu inaacha alama. Nyeupe ya 040 ina mambo yake, ile kwa miaka mingi ilikuwa ni rangi tupu bila klia juu, ule utando angavu wa kinga, ndo maana ukiipiga polishi kitambaa kinatoka cheupe, usishtuke ukadhani fundi kakuharibia. Silva ndo imebarikiwa, inaficha kila kitu, mwenye IST silva anaweza kuoshewa na brashi ya choo mwaka mzima na asijue.

Sasa kabla ya kufika kwenye huduma zenyewe lazima tuongelee uchafu wa kwetu, maana ushauri mwingi wa mitandaoni umeandikwa na watu wenye lami mpaka mlangoni. Mimi nakaa upande wa Uyole na mihangaiko yangu ipo mjini, na tangu huu ujenzi wa njia nne wa Nsalaga mpaka Ifisi uanze gari inakula vumbi asubuhi na jioni, lori la Tunduma mbele, lori la Tunduma nyuma, wewe katikati umefunga vioo unaomba Mungu. Na hili vumbi sio unga wa mahindi. Huku tumezungukwa na milima ya volkeno, Rungwe, Ngozi, Kyejo, na huyo Kyejo inasemekana alimwaga moto mara ya mwisho karibu na mwaka 1800, kwa hesabu za milima hiyo ni juzi tu. Udongo wetu una majivu ya volkeno na una lile jiwe jepesi lenye vitundu ambalo mama zetu wanasugulia visigino. Ndo hilohilo lililosagika linakaa juu ya boneti yako. Ukitoka Chunya kwenye machimbo ndo usiseme, vumbi la kule lina yale mawe meupe ya kwatsi ambayo dhahabu hupenda kukaa, na kwatsi kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7 wakati kioo cha kawaida ni kama 5 na nusu. Kitu kinachochora kioo, rangi ya gari itafanya nini?

Na rangi yenyewe ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Rangi ya kiwandani yote kwa ujumla, kutoka kwenye bati mpaka juu, mara nyingi inakaa kwenye maikroni 100 mpaka 150, na milimita moja ina maikroni 1,000 kwaiyo piga hesabu. Ile klia ya juu inayoleta mng'ao na kuzuia jua ni kama 40 au 50 tu, unywele wako ni mnene kuliko hiyo. Kila mkwaruzo unaouona kwenye boneti juani, vile vikwaruzo vidogovidogo vya mviringo kama mtu amesugua kwa steeluaya, vipo kwenye hiyo klia. Havitoki kwa kuoshwa, vinatoka kwa kupunguza klia mpaka ufikie chini ya mkwaruzo. Na klia haioti tena.

Haya, tuanze na namba tatu.

Kuna sehemu moja katikati ya jiji, jina silitaji, ipo mahali pazuri, kuna kivuli, kuna mama anauza chipsi na mishikaki jirani, kuna tivii ya mpira, yani kama ni kukaa unakaa vizuri kabisa. Gari ndogo elfu tano, Harrier na Noah elfu saba, ukiongeza injini na chini inafika kumi. Nimekuwa nikipeleka pale kwa muda na kilichonifanya nianze kuangalia kwa karibu ni siku moja ya mwezi wa saba, nyinyi mnajua baridi ya Mbeya mwezi wa saba ilivyo, saa moja na nusu asubuhi maji ya tanki yanauma mpaka kwenye mfupa. Nikawa nimesimama pale badala ya kukaa kwenye benchi. Kijana kapiga presha haraka haraka, labda dakika moja gari nzima, maana hata yeye anataka amalize akaote jua. Halafu kachovya tambara kwenye ndoo, kaanza na rimu, zile rimu zenye unga mweusi wa breki ambao nusu yake ni chuma, kazifuta zote mbili za upande wa kwangu, karudisha tambara kwenye ndoo, kalizungusha mara moja, kalikamua kidogo, akapandisha kwenye mlango. Kutoka mlangoni akaenda kwenye boneti. Na lile tambara lilikuwa tisheti ya kampeni, upande wa picha ya mgombea ile raba ya maandishi imekauka imepasukapasuka, na ndo upande huohuo ulikuwa unalalia rangi.

Nikamwambia, "Dogo, hilo tambara si limetoka kwenye rimu sasa hivi?"

"Bosi, nimelisuuza."

"Kwenye ndoo ileile?"

Akacheka. "Bosi wangu, gari nyeusi ndo zilivyo, hata ukiosha na maziwa itachora tu."

Sikumgombeza kwa kweli, baridi ile na anacholipwa kwa gari moja ni kidogo, mwenye kijiwe ndo anatakiwa kununua vitambaa. Ila usiku nilipofika nyumbani nikawasha tochi ya simu nikaielekeza kwenye boneti, na nyie jaribuni, usiku na tochi ndo utaijua gari yako, mchana inakudanganya. Kila ulipo mwanga pana miviringo imeuzunguka. Nikachukua tochi hiyohiyo nikaangalia sehemu ambayo tambara halifiki, pembeni ya shina la antena na chini ya vishikio vya milango, pale safi kabisa kama imetoka Japani jana.

Alafu sabuni. Sabuni ya unga ya nguo inatoa povu zuri na harufu nzuri na ni rahisi, ndo sifa zake zote zimeishia hapo. Ni alkali, kwenye pH, yani kipimo cha asidi na alkali, inagonga 10 mpaka 11 wakati maji safi ni 7, imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye kola ya shati, kwaiyo ikifika kwenye gari inang'oa waksi yote uliyolipia na kukausha raba za milango na plastiki nyeusi za bampa zinakuwa na weupe ule wa kuzeeka. Shampuu ya gari inakaa karibu na 7 na ina utelezi, na huo utelezi ndo kitu unachonunua, unafanya mchanga uteleze juu ya rangi badala ya kuburuzwa.

Nikiwa bado kwenye vijiwe vya aina hii, mambo mawili niyakatae kabisa hata wakikupa bure. Moja ni kupuliza dizeli au oili chafu chini ya gari, eti inazuia kutu na chini panabaki peusi panapendeza. Bushi na raba za chini hazipendi mafuta, zinavimba na kulegea, halafu ukitoka pale ukipita kwenye vumbi letu linaganda lote huko chini ukae na tope la mafuta. Pili ni kuosha injini kwa presha kali. Injini za siku hizi koili zimekaa juu ya plagi, maji yakiingia kwenye kile kishimo gari inaanza kumisi ukifika Mafiati tu, na wale wa kijiwe watakwambia "bosi hiyo ilikuja nayo". Injini inafutwa, haipigwi presha.

Na presha kwenye bodi nayo ina adabu yake. Ile nozo ya kutoa maji kama sindano isikaribie rangi kabisa, itakiwe ile inayotawanya maji kama feni na mtu akae mbali, sentimita 30 au zaidi. Gari zetu nyingi zimeshapigwa rangi upya sehemu, bampa imewahi kugongwa Kabwe na bajaji, fundi kaweka plasta na rangi juu, sasa pale presha ikipata ukingo uliopasuka inabandua rangi kama ganda. Nimeona bampa ya Noah ya mtu inabanduka nikiwa palepale, mwenye gari yupo anakula mishikaki.

Namba mbili, mashine.

Hii nimeipitia Dar, kwenye kituo kimoja cha mafuta, maana safari za Dar kwangu ni za mara kwa mara na ile barabara ya kilomita mia nane na kitu, ukianzia vumbi la hapa, mvua ya Mafinga, wadudu wa Mikumi usiku, gari inafika pale ipo hoi. Wazo la mashine sio jipya, Marekani kule Detroit kuanzia 1914 walikuwa na sehemu magari yanasukumwa kwa mikono kutoka kituo hadi kituo, mmoja anapaka sabuni, mwingine anasuuza, mwingine anakausha, ndo baadae minyororo na brashi za mota zikachukua nafasi ya watu. Niliyoitumia mimi ni ile gari inasimama na mashine ndo inatembea juu yake kwenye reli, lango kubwa lina brashi mbili za wima na moja ya kulala. Unakunja saitmira, unakunja antena, unazima wipa kama ni za kujiwasha zenyewe, unakaa ndani. Inapita na maji, inapita na povu, inarudi na brashi, gari inatikisika kidogo na kelele za hatari, mtoto wangu alifurahi kuliko alivyowahi kufurahia bembea, halafu feni inapuliza na umemaliza. Dakika chache sana. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ninayolipa Mbeya.

Matokeo? Kwa jicho la mchana, safi. Kwa tochi, ile boneti haikupata miviringo, ilipata mistari midogo iliyonyooka, mashine inachora kwa mwelekeo wake, na kusema ukweli mistari ilikuwa michache kuliko nilivyoogopa. Brashi za zamani zilikuwa za nailoni ngumu na ndo zilizoleta jina baya, siku hizi wanatumia vitambaa au sponji laini yenye vitundu vilivyofumba ambayo hainywi mchanga sana. Na mashine ina kitu kimoja ambacho dogo wa tambara hana, inamwaga maji mengi wakati inasugua, na haichoki wala haisikii baridi. Gari ya mwisho jioni inaoshwa sawa na ya kwanza asubuhi.

Ila shida yake ipo kwa aliyekutangulia kwenye foleni. Mbele yangu ilikuwa pikapu yenye tope mpaka kwenye vioo, na mashine haikuwa na mtu wa kuipiga presha kwanza, ikaingia vilevile, brashi zikala tope lote, na zile brashi ndo zikaja kwangu. Nilikataa, nikaomba gari mbili zipite kwanza, yule kijana wa pale akanishangaa lakini akakubali. Pia rimu inazigusagusa tu, chini ya milango inaacha mstari mchafu, na nyuma kwenye namba ambako Harrier inakusanya vumbi balaa, pale haikufika vizuri. Zipo mashine nyingine zisizogusa kabisa, zinatumia maji ya nguvu na dawa tu, hizo mikwaruzo hazileti lakini kwasababu hazisugui inabidi dawa iwe kali, kwaiyo ni nzuri kwa rangi na mbaya kwa waksi, na tope lililoganda zinaliacha na utando.

Watu wanauliza kwanini mtu asilete mashine ya namna hiyo Mbeya apige hela. Mimi sioni. Gari inayotoka Tukuyu mwezi wa nne, mvua ya kule inazidi milimita elfu mbili kwa mwaka, inakuja na tope jekundu limejaa kwenye matao ya magurudumu kilo kwa kilo, hiyo lazima mtu aipige presha kwanza kwa mkono, aichimbue, na akishafanya hivyo kazi kubwa ameshamaliza, mashine itabaki ya kupaka povu. Labda kwa wenye gari za maofisini zinazozunguka Forest na Uhindini tu. Na hapa wateja wanalipa elfu tano tu na bado wanalalamika.

Sasa namba moja, niliyokuja kuwasifia.

Ipo upande wa Forest, ni ya mama mmoja wa makamo, sehemu ndogo, inachukua gari tatu kwa wakati. Niliambiwa na dereva wa hiace ya Kyela, nikashangaa dereva wa hiace anajua nini kuhusu rangi, kumbe hapo anapeleka gari ya bosi wake sio ya abiria. Nilipofika nikamsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia akaniuliza hata kabla ya bei, "Tata, umetoka nalo wapi hilo?" Nikamwambia Chunya. Akamgeukia kijana wake, "Hiyo asiishike mtu kwanza, iloweke."

Hapo ndo nikajua nimefika kwa wenyewe.

Kijana akaipiga maji ya kutawanyika kuanzia kwenye paa kushuka, sio kutoka chini kwenda juu, paa, vioo, boneti, milango, mwisho matao ya magurudumu ambako alikaa muda mrefu mpaka maji yakaanza kutoka meupe. Halafu bunduki ya povu, gari ikavaa povu zito ikaachwa dakika kadhaa kwenye kivuli, na hiyo kivuli sio mbwembwe, povu likikaukia juani linaacha madoa. Povu likawa linashuka taratibu na rangi ya udongo ndani yake, nikawa naliangalia kwenye mlango linavyoshuka limebeba mchanga. Akasuuza tena. Mpaka hapo hakuna mtu aliyeigusa gari na kitambaa, na tayari robo tatu ya uchafu umeshaondoka, na kwa vumbi letu hili naona hatua hii ina maana kuliko shampuu ya bei gani sijui.

Ndo akaleta ndoo mbili. Moja ya shampuu, moja ya maji matupu. Kinga ya mkono ya maikrofaiba inachovya kwenye shampuu, inapita kwenye paneli moja kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, inasuuzwa kwenye maji matupu, ndo inarudi kwenye shampuu. Kwa wasioamini nendeni mkaangalie ile ndoo ya maji matupu mwishoni, chini kabisa kuna mchanga unaouona kwa macho, huo mchanga kule kwingine unarudishwa kwenye boneti. Na vitambaa wana rangi, vya bluu ni bodi, vya njano ni vioo na ndani, vyekundu ni rimu na chini, na chekundu kikionekana juu ya mlango yule mama anapiga kelele mpaka barabarani. Kitambaa kikianguka chini hakiokotwi kuendelea, kinaenda kwenye beseni la kufuliwa. Niliwahi kumuuliza mbona wengine hawafanyi hivi, akasema, "Kitambaa kimoja elfu tatu tata, nina vitambaa kumi na kitu hapa, nani atatoa hiyo hela halafu mteja amwambie punguza elfu moja?"

Kukausha wanatumia taulo kubwa nene, wanailaza na kuivuta au kuigongagonga, hawasugui. Hili watu hawalizingatii na maji ya visima vya maeneo mengine yana chokaa, yakijikaukia kwenye rangi nyeusi yanaacha madoa meupe ya mviringo ambayo ukiyaacha wiki kadhaa yanang'ata klia.

Bei kwa Harrier ni elfu kumi, nje na ndani. Ukienda na shampuu na kitambaa chako hawanuni, na wala hawapunguzi bei, ambayo naona ni haki.

Kuhusu kulinda rangi baada ya kuosha, na hapa naomba mnisikilize watu wa huku juu. Kwasababu Mbeya ni baridi tunadhani jua letu ni la upole. Tupo kwenye mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na miale ile ya urujuanimno inayoua rangi inaongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unavyopanda. Yani gari inayolala nje Mbeya na wewe umevaa koti inachomwa kuliko unavyodhani. Angalieni taa za mbele za gari za hapa zinavyokuwa za njano mapema, ile ni plastiki ya polikaboneti imeungua na jua, na paa na boneti za gari nyekundu zinavyopauka na kubanduka klia. Joto na miale ni vitu viwili tofauti.

Yule mama anapaka waksi kwa elfu ishirini na tano, inashika kama mwezi mpaka mitatu hivi kulingana na unavyoosha, na nimeridhika nayo, maji yanajikusanya vidonge na kuanguka, vumbi halishiki sana kwaiyo hata kuosha kwenyewe kunakuwa kwepesi. Silanti, yani kinga ya rangi ya kutengenezwa kiwandani, inafika miezi sita. Seramiki, ile kinga ngumu ya kupaka juu ya rangi, ndo habari ya mjini sasa hivi, wanakutajia miaka miwili, mitatu, mitano, na laki kadhaa mpaka milioni na kitu. Ni kitu kizuri, ni gumu kuliko waksi na inastahimili kemikali, ila wauzaji wanakwambia haitachora tena milele na hiyo sio kweli, tambara la rimu litaichora vilevile. Na kabla ya kuipaka lazima rangi ipigwe polishi, mikwaruzo yote iliyokuwepo ukiipaka juu yake umeifungia humo.

Polishi ya mashine ndo ningewasihi muwe wachoyo nayo. Kuna mafundi wanapita na mashine ile ya kasi ya kuzunguka sehemu moja pamoja na pedi ya manyoya na rabini, ile dawa ya kusugulia inayokata rangi, elfu themanini gari inang'aa kama mpya, kila mtu anafurahi, kila sikukuu wanarudia. Kila wakirudia wanakata klia. Kwenye kona za boneti na mikunjo ya milango ndo inapoisha kwanza, utaona panakuwa na kivuli cha rangi tofauti, ukifika hapo hamna polishi, ni kupiga rangi. Harrier yangu mimi imepigwa polishi laini mara moja tu na sina mpango wa kurudia karibuni, vikwaruzo vilivyobaki nitaishi navyo.

Kinyesi cha ndege usisubiri Jumamosi, kina asidi, kwenye jua siku moja au mbili inatosha kuacha alama iliyozama. Usikikwangue, kiloweshe na tishu yenye maji, kiache kilainike, ukiokote. Hivyohivyo kwa utomvu, na huku tunapenda kuegesha chini ya maparachichi na mikaratusi. Na wale wa kufunika gari kwa kava, mwezi wa nane upepo wetu ule kava inapigapiga juu ya gari usiku kucha na vumbi lipo katikati, hiyo ni msasa umeuvisha gari mwenyewe. Kava ni ya gari safi ndani ya gereji.

La mwisho kwa wanaopeleka gari mtoni kuosha ili kuokoa hiyo elfu kumi, sheria ya mazingira ya 2004 imezuia shughuli za namna hiyo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na hata ukiacha sheria, yale maji ya ndoo uliyochota mtoni yana mchanga tayari.

Ubaya wa yule mama upo pia. Jumamosi usiende, kuna magari ya harusi na foleni inakula nusu siku, na hawachukui namba kwa simu. Kukaa ni benchi moja la mbao na mvua ikinyesha unakaa ndani ya gari yako inayooshwa. Umeme ukikatika presha imekatika, jenereta hawana. Ndani wanafyonza vizuri ila dashibodi wanapenda kupaka ile dawa ya kung'aa yenye mafuta, waambie mapema wasipake, inavuta vumbi na kioo cha mbele kinaakisi juani. Na hawana blowa ya kupulizia maji kwenye saitmira na kwenye mpini wa mlango wa nyuma, ukitembea kidogo tu maji yaliyojificha mule yanatiririka kwenye mlango uliokwisha kukaushwa na kuacha michirizi, nimeshawaambia, mama kasema blowa ipo kwenye bajeti. Nyota nne kwa sasa. Jumatatu au Jumanne kuanzia saa nne, jua likishatoka na mikono ya vijana imeshapata joto, ndo muda mzuri wa kwenda.